Mahari Iliyonadiwa Matrah

— Ghorofa ya juu, vyumba vitatu na sebule inayotazama bandari. Boriti za Rufiji, hakuna hata moja iliyoliwa na mchwa. Kuta zimetengenezwa upya kwa mtindo wa wazee, vidaka vyote vimerudishwa mahala pake, sakafu unaweza kulia wali bila sinia. Nani anafungua bei?

Nilikuwa nachambua mchele. Dalali alinadi kwa Kiarabu, na mimi nikajisemea kumbe Matrah yupo mwenzangu mwingine aliyehangaika na vidaka vya ukutani. Nikasogea dirishani nimwone huyo mwenzangu anauza wapi. Marhoon dalali alikuwa amesimama chini yangu, kazungukwa na wafanyabiashara, bakora kainyanyua juu. Bakora ilikuwa inanielekea mimi.

— Bwana Marhoon, unauza nyumba gani?

— Hii, bibi.

— Hii ipi?

— Hii uliyotolea kichwa.

— Nani kakutuma?

— Mwenyewe, Bwana Aflah. Kanipa kazi leo asubuhi.

— Na hayo ya boriti na vidaka kakwambia nani? Hujapata kuingia humu.

— Kanisomesha yeye. Kanambia hata lile ua la asumini kwenye kidaka cha mlangoni nisilisahau.

Mchele wote ukanimwagika. Nikafunga dirisha kwa kishindo mpaka njiwa wa jirani wakaruka, na Marhoon, kwa kuwa kazi ni kazi, akaendelea na safari yake mbele ya maduka ya vitambaa, akizitaja kuta zangu moja moja.

Bwana Aflah ni mume wangu. Ngojeni niwaeleze, maana mtu akinisikia hivi hivi atasema Kheiria kavurugikiwa na akili.

Tulioana Unguja, mwaka mmoja kabla ya Mapinduzi. Mahari yangu ilikuwa nyumba ya Mkunazini, na harufu ya rangi haijaisha tukaikimbia. Sitini na nne hiyo tukatua Matrah, bandari ya Oman, mimi, Aflah na mama yake, Bi Nasriya, kila mmoja na alichovaa, ila mama na mto wake wa kulalia. Marehemu baba yake Aflah alikuwa ameacha nyumba ya kale nyuma ya soko. Chini aliandikiwa mama, juu aliandikiwa Aflah. Juu kwenyewe lilikuwa gofu. Dari imeanguka, kuta zimebabuka, na njiwa wamezaa kila pembe.

Jioni ile ya kwanza tulikaa juu ya mkeka, sote watatu, tunaitazama mbingu kupitia darini. Mimi nilikuwa nalia. Aflah akanishika mkono mbele ya mama yake.

— Kheiria, ile ya Mkunazini imekwenda. Mahari yako ni hii. Umeridhia?

— Nimeridhia.

Wallahi niliridhia. Ukipenda, chongo utaita kengeza, na mimi gofu niliita nyumba.

Kisha mwenzangu akaenda Kuwait kutafuta kazi, kama walivyokwenda wanaume wote wa siku zile, na mimi nikabaki na njiwa. Watu wakaanza kuuliza mbona hatuzai. Nitazaa vipi na mtu yuko Kuwait? Nilichozaa ni ile nyumba. Kila kitu alicholeta au kutuma nilikigeuza boriti na chokaa. Fundi alinifundisha kupiga plasta, na alipochoka na maswali yangu akaniachia mwiko. Kidaka cha mlangoni nilikichonga mwenyewe ua la asumini, kama lile la kwetu Unguja. Yote haya ndani kwa ndani, maana zama zile hata kupaka ukuta wa nje kulitaka ruhusa ya wakubwa, na ruhusa yenyewe unaweza kuisubiri mpaka ukaota mvi. Kwa hiyo nje nyumba yangu ilibaki imebabuka kama mgonjwa wa surua. Utawala ulipobadilika, mwaka ule wa sabini, na watu wakaanza kupaka nyumba zao, mimi ukuta ule sikuugusa. Nilimwekea Aflah. Nilitaka tuupake pamoja.

Akarudi. Kwa kuwa anajua Kiingereza na Kiarabu cha kuandika, akapata kiti katika ofisi mpya ya serikali, na suruali zenye mkunjo. Akapanda ngazi, akapita sebuleni, akapita mbele ya vidaka, akakaa, akajipepea kwa kofia.

— Nyumba ina joto, — akasema.

Hayo ndiyo niliyoyapata. Miaka yote ile na kucha zangu zenye chokaa, nikapata joto.

Basi siku ya dalali, adhuhuri, nilisikia viatu vyake ngazini. Nikatia komeo.

— Fungua, Kheiria.

— Nyumba inauzwa. Kamwombe ufunguo dalali.

— Nilikuwa nikwambie leo.

— Soko zima limeambiwa kabla yangu. Hata wauza papa wanajua.

Akashusha pumzi. Akanieleza, kwa sauti ile ya ofisini, kwamba amepata kiwanja Ruwi, atajenga nyumba ya matofali, yenye umeme na choo cha ndani, na fedha za kuanzia zitatoka hapa.

— Nnakufanyia weye, — akasema.

— Mie n'shawahi kukuomba choo?

— Na watu wa ofisini wakija kunizuru? Niwapandishe ngazi hii ya kiza, waone ukuta ule wa nje?

— Hayo sasa ndiyo ya kweli. Unaona haya.

 Nikaweka mdomo kwenye upenyo wa mlango, nisisikike na majirani, ingawa majirani tayari walikuwa wameacha kutwanga.

— Hii ni mahari yangu, Aflah. Ulinambia mbele ya mama.

— Kheiria, ulikuwa unalia. Yale yalikuwa maneno ya kukuliwaza.

Nilikuwa na hasira tangu asubuhi, lakini ile ilikuwa hasira ya kawaida, ya mke na mume. Hii iliyonipanda sasa sikuwa naijua. Nilihisi masikio yanawaka.

— Basi hukunioa, — nikamwambia. — Mwanamume aliyetoa maneno ya kuliwaza hajatoa mahari, na asiyetoa mahari hana haki ya kulala humu. Shuka kwa mama yako.

— Usiseme hivyo.

— Na n'takwambia jengine. Umerudi, umepita kwenye kuta hizi kila siku, hujanambia hata neno. Nikadhani huoni. Kumbe Marhoon umemweleza mpaka ua la asumini. Uliliona. Ukaliona zuri. Kisha ukaenda kumpa dalali.

 Nikasikia viatu vikishuka, polepole.

Sasa niwaeleze habari ya Bi Nasriya, mama mkwe wangu, maana hapo ndipo hasira yangu ilipohamia. Mimi na yeye tulikuwa hatusemezani. Iddi yetu ya kwanza Matrah nilisafisha nyumba nzima, nikachukua mto wake wa kulalia, mto mchafu, mgumu, unanuka chombo tulichojia, nikataka kuufumua niutie pamba mpya. Akanikuta na mkasi. Akanipokonya, akaniita mwizi wa mchana. Mimi, binti wa watu, mwizi wa mto. Tangu siku ile mazungumzo yetu yote yalipitia kwa paka wake, Zabibu. Mtu akitaka chumvi anamwambia paka, na mwenzake anamjibu paka. Zabibu mwenyewe alishazoea, akisikia jina lake anakaa katikati yetu na kufumba macho.

Asubuhi ya pili nikamkuta Bi Nasriya kisimani, mto wake kauegemea kama kawaida, anavuta tasbihi. Marhoon alikuwa anapiga kelele uchochoroni, bei imepanda.

— Zabibu, — nikasema — mwulize bibi yako, ile jioni ya mkeka yeye hakuwepo?

— Zabibu, mwambie wa juu, nilikuwepo.

— Mwulize basi, atakwenda kwa kadhi kunishuhudilia?

— Mwambie shahidi mwanamke mmoja hamfikishi mtu popote. Na mwambie afunge mdomo wake, dalali anadi.

Nikamtazama. Akaendelea na tasbihi, kichwa kakielekeza uchochoroni, anasikiliza bei ya mahari yangu kama asikilizaye taarabu. Nikasema moyoni, mama na mwana, damu moja. Wameshakula njama zao, mimi nitatupwa Ruwi jangwani na huyu bibi atabaki na kisima chake. Nilipanda juu nikapiga teke debe la chokaa. Likaniumiza kidole, hasira ikazidi.

Jioni nyumba ikauzika. Niliwaona dirishani wakija, Aflah mbele, Marhoon na bakora yake, na nyuma yao Thabit, mfanyabiashara wa mchele. Nilishasikia sokoni anachotaka: bohari. Atabomoa kuta za ndani apange magunia. Aflah alikuja naye kumwonesha mama yake jirani mpya, kama inavyopasa kwa watu wenye adabu. Nikashuka nikakaa ngazini, penye kiza, buibui nimejifunika gubigubi.

Bi Nasriya akawakaribisha barazani. Akamimina kahawa, akaweka na tende. Kwa watu wa Oman mgeni haulizwi jambo mpaka aulizwe habari kwanza, na mgeni hajibu habari ila kheri, hata kama nyuma yake nyumba inaungua.

— Shi ulum, mwanangu? — Bi Nasriya akamwuliza Aflah. Kuna habari?

— Hakuna habari, mama. Kheri tu.

— Na sokoni?

— Salama.

Akamimina kikombe chake mwenyewe. Akakishika mkononi, hakunywa. Nilikuwa namwona vizuri kutoka gizani, na nikashangaa, maana yule bibi kwa kahawa hana subira.

— Mama, — Aflah akakohoa — ile juu nimemwuzia Bwana Thabit. Tumeshapeana mikono.

Kikombe cha Bi Nasriya kikatua chini kabla Aflah hajafunga kinywa.

— Nnaidai shufaa yangu, — Bi Nasriya akasema. — Nyinyi wawili mashahidi. Weye Marhoon, na weye Thabit.

Marhoon akashika kichwa. Thabit akasimama nusu, akakaa. Aflah peke yake ndiye aliyekuwa anatazama huku na huku kama mtu aliyepotezwa njia, kwa sababu yeye kakulia Unguja mjini, Kiingereza anakijua, mambo ya kwao hayajui.

— Shufaa ya nini, mama?

— Mwambie, Marhoon. Weye dalali.

Marhoon akamweleza huku akiona ujira wake unaondoka. Nyumba ikiwa ya watu wawili, wana ngazi moja na kisima kimoja, mmoja akiuza sehemu yake, mwenziwe ana haki ya kuichukua yeye kwa bei ileile, mnunuzi apende asipende. Lakini haki hiyo ni nyepesi, inaruka. Akiidai kabla haijauzwa, kasema upepo. Na akisikia imeuzwa, aidai palepale. Akinywa funda la kahawa kwanza, imepita.

Mimi pale ngazini nilishika ukuta. Kumbe zile tasbihi zote, kile kimya chote, bibi alikuwa anangoja neno moja tu litoke kinywani mwa mwanawe. Kumbe aliponambia nifunge mdomo, alichelea nisije nikaivuruga ile biashara kabla haijafungwa, kesho ikauzwa kisirisiri asipate habari.

— Utalipa nini, mama? — Aflah akauliza, na sauti ya ofisini ilishamtoka.

Bi Nasriya akavuta mto wake. Akachukua kisu cha tende, akaupasua toka pembe hadi pembe, akaukung'utia kwenye mapaja ya mwanawe. Bangili, mikufu, vipini, dhahabu yote ya harusi yake ilimwagika juu ya suruali yenye mkunjo, pamoja na vumbi la pamba kuukuu.

— Haya, uza. Umeuza mahari ya mkeo, sasa uza na ya mama yako. Kisha ukajenge choo.

Aflah hakuigusa. Nilimwona anazitazama zile bangili alizokuwa akizichezea alipokuwa mtoto, na machozi yakaanza kumdondoka mbele ya mfanyabiashara wa mchele. Sikumhurumia. Nasema kweli, sikumhurumia hata kidogo.

— Kheiria, — Bi Nasriya akaita, na jina langu kinywani mwake nilikuwa sijalisikia tangu Iddi ile. — Shuka, mwanangu. Nnakujua uko hapo ngazini.

Nikashuka. Wageni wakainamisha macho, wakaaga.

Thabit alikwenda kwa kadhi, sitaki kumlaumu. Kadhi alimwuliza kitu kimoja tu, kama bibi alikunywa au kusema neno jengine kabla ya kudai. Thabit ni mtu wa sala. Akasema hapana, akarudishiwa chake, yakaisha.

Lakini mimi na Bi Nasriya hatukukumbatiana na kulia kama mnavyodhani. Wageni walipotoka tu nikamgeukia.

— Mama, tumekula papa mkavu na wali mtupu miaka yote hii, na weye umelalia dhahabu?

— Dhahabu ya kula inakwisha. Hiyo nilimwekea Aflah, siku atakapofanya upumbavu. Nimemzaa mie, nilijua siku itafika.

— Na mwizi wa mchana?

— Hilo nisamehe. Ulinishika roho na mkasi mkononi.

Nikamsamehe, nusu. Akamgeukia mwanawe, bado kakaa na vumbi la pamba mapajani, akamwambia juu sasa ni kwake yeye mama mtu, na amenipa mimi, mbele ya Mungu na mbele ya yeyote atakayetaka kushuhudia. Mashahidi safari hii wataitwa wanaume wa mtaa mzima.

— Na mimi, mama? — Aflah akauliza.

— Weye una mke asiye na mahari. Kapose.

Aflah akalala chini kwa mama yake, na kila akipanda ngazi akakuta komeo. Hakuwa na ami wala mjomba hapa Matrah wa kumtuma. Mshenga aliyempata ni Marhoon, na Marhoon maisha yake yote hajui namna nyingine ya kusifu kitu. Akaja chini ya dirisha langu mchana kweupe, kaisimamisha bakora.

— Mwanamume mmoja, — akanadi. — Mrefu, mwenye kazi ya serikali, meno kamili. Katumika Kuwait, kwa hiyo kuna sehemu imechakaa, siwafichi. Akili ilipasuka kidogo, inatengenezwa. Nani anafungua bei?

Soko lote lilikuwa linacheka. Aflah alikuwa amesimama nyuma ya Marhoon, kichwa chini, masikio mekundu, na hakukimbia. Hilo nililiona. Nikauma upindo wa buibui langu nisicheke, maana nilikuwa bado nina hasira na sikutaka ipungue.

Nikamwambia Zabibu, kwa sauti ya kufika chini, kwamba mahari yangu ni ukuta wa nje. Aupake yeye, kwa mikono yake, si fundi wala kibarua, mchana, watu wa ofisini wakipita.

Alikuja na ngazi ya kukodi na debe la chokaa. Suruali kaikunja mpaka magotini, miguu yake myeupe ya ofisini inaonwa na soko zima. Wenzake wa kazini walipita, wakasimama, mmoja akamwuliza kama serikali imemfukuza. Akawajibu analipa mahari. Bi Nasriya alikaa barazani kwa mto mpya, anamwelekeza, anamkosoa, anakunywa kahawa bila kungoja mtu. Mimi niliketi sebuleni, dirisha nimeliacha wazi kidogo, nasikia brashi ikikwaruza ukuta nilioutunza.

Jua lilipofika upande wa bandari, kichwa cha Aflah kikatokea dirishani. Chokaa mpaka kwenye kope.

— Kheiria.

Nikamtazama paka.

— Sikuja na dalali, — akasema. — Niliyomwambia Marhoon nilipaswa nikwambie weye. Siku niliyorudi nilipita kwenye kidaka cha mlangoni, nikaliona ua la asumini, nikakumbuka kwetu. Nikasema kuna joto. Niliona haya, Kheiria. Umejenga nyumba nzima na mie sikuwepo. Kila ukuta ulikuwa unanambia sikuwepo. Nikataka niiuze nisiione.

 Machozi yalikuwa yananijia nami nikayakataa, nikasimama, nikaenda dirishani. Akajishika kwenye kizingiti, ananingoja, chini mama yake kaacha kunywa kahawa, na Marhoon kavuka uchochoro kuja kusikiliza. Hata Zabibu alifumbua macho, akingoja kutumwa.

Nikatoa kichwa nje, nikautazama ukuta wangu wote mweupe, toka chini hadi juu.

— Aflah, — nikasema — hapo kushoto umeruka. Nipe brashi.